Waraka na Baraza katika Majibizano

Chuo cha Mzumbe, kilicho chini ya milima ya Uluguru, kilianza mwaka 1953 kuwa shule ya serikali za mitaa. Machifu, makarani na madiwani walifundishwa humo kazi ya utawala. Utawala ule ulikuwa na vyombo viwili vya maneno. Waraka ulimfuata mtu kwake. Baraza lilimtaka mtu atoke kwake alifuate.

Yadhaniwa upesi kwamba baraza ndilo pahali pa mjadala, na waraka ni amri tu. Uluguru wakanusha. Katika miaka ile Waluguru waliamriwa kukata matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Maafisa walieleza jambo hilo barazani. Walakini ardhi ilikuwa mikononi mwa koo, zihesabiwazo kwa upande wa mama, na neno la koo halikupata uzito pale. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukaachwa. Baraza lile lilikuwa waraka uliosomwa kwa sauti.

Basi na ushairi upimwe kwa kipimo hicho: nani aweza kujibu, na nani asikia jibu? Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na watu wa Lamu kwa tungo. Shairi lipelekwalo kwa mtu ajulikanaye laweza kufumba sana, maana mpelekewa anao ufunguo. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo hasara yake: katika diwani aliyoitoa William Hichens mwaka 1940, msomaji mara nyingi apata jibu asipate swali.

Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa na serikali Dar es Salaam mwaka 1923, lilisafiri kama waraka likafanya kazi ya baraza. Mtu wa Tanga aliweza kujibiwa na mtu wa Ujiji asiyemjua, mbele ya wote. (Mlango, kwa kweli, ulishikwa na mhariri.) Mshairi wa namna hiyo hana budi kuliweka swali ndani ya beti zake, kwa kuwa mgeni naye asoma.

Kwa hiyo wakusanyao tungo za gazeti lile kwa jina la mshairi mmoja mmoja wazirudisha kuwa nyaraka zilizopotea nusu. Zingepangwa kwa mwezi wa kutolewa, swali na majibu yake pamoja, hata yale ya watungaji dhaifu.