Kutoka Ngome ya Vita Hadi Makao ya Popo

Mwaka 1940, Ufaransa iliposhindwa vitani, na hofu ya uvamizi wa Wajerumani ikapamba moto, Uingereza ilijenga maelfu ya vibanda vya zege, yaani vyumba vidogo vyenye kuta nene na matundu membamba ya kufyatulia risasi, ambavyo vingi viliachwa mashambani na kandokando ya mito baada ya vita. Baadhi yake vimegeuzwa kuwa mahali pa popo kulala wakati wa baridi, na ugumu wa kazi hiyo ni kwamba tundu lililomfaa askari ndilo linalomdhuru popo.

Popo wa nchi za baridi, wadudu wanapoadimika, huingia katika usingizi mzito ambamo joto la mwili hushuka na moyo hupiga polepole, ili mafuta waliyojiwekea yawafikishe mwisho wa majira hayo. Kila wanapozinduka huteketeza sehemu ya akiba hiyo, na mabawa yao, yaliyo ngozi tupu, hupoteza maji upesi katika hewa kavu. Kwa hiyo chumba kinachowafaa ni chenye baridi isiyopandapanda wala kushuka ghafla, giza na unyevu mwingi.

Kwa sababu hiyo mafundi huanza kwa kuziba matundu kwa matofali ili kukata upepo na mwanga, na pengine hufunika kibanda kwa udongo ili joto la ndani lisifuate la nje. Mlangoni huwekwa nondo zilizolazwa, si zilizosimamishwa, zikiachana kwa takriban sentimita 15, kwa kuwa popo hupita akiwa amekunjua mabawa kwa upana, ilhali mtu hawezi kupenya. Ndani, kwa vile zege laini haishikiki kwa kucha, hufungwa mbao zisizopigwa randa, zikiachiwa mwanya wa sentimita mbili hivi. Mbao hizo hazipakwi dawa ya kuua wadudu, kwani popo hujilamba manyoya na sumu ingewaingia mwilini.

Mahandaki ya Wajerumani karibu na kijiji cha Nietoperek, Polandi, yanathibitisha kanuni hiyo kwa njia nyingine: yakiwa na urefu wa takriban kilomita 30 chini ya ardhi, hewa yake imetulia yenyewe, na makumi ya maelfu ya popo hulala humo bila fundi kuwajengea ukuta. Kibanda kidogo hakiko chini ya ardhi namna hiyo, na kila tofali linaloziba tundu lake hufidia udongo ambamo hakikufukiwa.