Soko kabla ya wazee: mpangilio wa usuluhishi wa Dekha Ibrahim Abdi

Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 1964 aliyekuja kufanya maskani Mombasa, hutajwa zaidi kwa Tuzo ya Right Livelihood aliyopewa mwaka 2007, ilhali kinachostahili kuchunguzwa katika usuluhishi wake, yaani kazi ya kuwakutanisha mahasimu, ni mfuatano wa hatua zilizochukuliwa wakati wa vita vya koo za Degodia, Ajuran na Ogaden vilivyoikumba Wajir kuanzia mwaka 1992.

Hatua ya kwanza ilichukuliwa sokoni, mahali ambapo wanawake wa ukoo mmoja walikuwa wameacha kuuziana na wa ukoo mwingine. Dekha na wenzake hawakuanza kwa kuuliza nani alimuua nani, bali walipatana na wachuuzi kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake, kisha wakaunda kamati ya kufuatilia ahadi hiyo. Ubora wa makubaliano ya aina hii, ambao hata mikataba mikubwa ya mataifa huukosa, ni kwamba yanapimika machoni pa wote: maziwa ama yameuzwa ama yamerudishwa nyumbani.

Ndipo wazee walipoendewa, na kwa kuwa hakuna ukoo mkubwa ambao ungeitikia mwito wa hasimu wake, upatanishi ulikabidhiwa wazee wa koo ndogo zisizopigana, ambao uchache wao, uliokuwa udhaifu katika siasa za kura, uligeuka kuwa sifa, maana hawakuweza kushukiwa kuwania ubunge. Mazungumzo hayo yalizaa Azimio la Al-Fatah la mwaka 1993, lenye kanuni za kurejesha amani. Serikali ilipewa nafasi rasmi baadaye, mwaka 1995, ilipoundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir ndani ya mfumo wa maendeleo wa wilaya. Na katika wilaya iliyoshuhudia vyombo vya dola vikiua raia Wagalla, Februari 1984, kuitanguliza serikali kungeivuruga kazi yote.

Mbali na kazi hiyo ya Wajir, Dekha aliandika pia kuhusu usuluhishi. Kitabu cha mafunzo alichoshiriki kuandika, Working with Conflict (2000), kinafundisha, miongoni mwa zana nyingine, mti wa mgogoro, mchoro ambao shina lake ni tatizo lenyewe, mizizi ni sababu na matawi ni athari.

Dekha alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Kamati za amani zilizoenezwa Kenya kwa mfano wa Wajir mara nyingi ziliiga umbo la mwisho, yaani kikao chini ya ofisi ya serikali, zikiacha njia iliyoifikisha Wajir hapo. Katika wadi kama Mjambere, Kisauni, huko Mombasa, ambako hofu ya wakazi ni vijana wenye mapanga wala si ukoo wa jirani, kamati inayozaliwa katika ofisi ya chifu imeanzia pale Wajir ilipomalizia.