Ile 25.6 Haikustahili Kufutwa

Mliokaa nami nyuma ya darasa pale Sarang'ombe, kwenye kipindi cha wazi cha titresheni ya kidato cha tatu, mliona wenyewe. Msichana wa meza ya dirishani alisoma bureti mara tatu: 25.6, 25.0, 25.1. Mwalimu akashika dasta, akaifuta 25.6 ubaoni, akaandika 25.0. "Hiyo achaneni nayo. Nakilini hii." Darasa zima likanakili. Alikosea, na alikosea pabaya.

Ile 25.6 haikuwa uzembe wa mtoto. Bureti ilijazwa huku ncha yake, chini ya koki, ikiwa na hewa. Koki ilipofunguliwa, asidi ya kwanza ilijaza ncha kabla ya tone lolote kuifikia sodiamu haidroksaidi, na bureti ikaihesabu kana kwamba imetumika. Raundi ya pili na ya tatu ncha ilikuwa imeshajaa, ndiyo maana zikakaribiana. Maelezo yote yalikuwa mezani, na swali moja tu, "Kwa nini ya kwanza imezidi?", lingetosha kuyatoa. Badala yake, watoto zaidi ya arobaini walijifunza kwamba kipimo kisichompendeza mwalimu hubadilishwa.

Msiniambie alikuwa anawatafutia alama. Wasahihishaji wa karatasi ya tatu ya KCSE wanakubali wastani wa vipimo vinavyokaribiana. Weka 25.6 kwenye jedwali, iache nje ya wastani, upate 25.05. Alama haipotei. Kilichopotea ni kemia.

Chanzo nakijua, na nimekilalamikia miaka mingi: ile namba ya shule. Usahihi wa mtahiniwa unapimwa kwa kipimo cha mwalimu wake, kwa hiyo tangu kidato cha tatu mtoto anafunzwa kunusa namba ya mwalimu badala ya kuangalia rangi ya waridi ikipotea kwenye chupa.

Nakiri maandalizi ya mwalimu yalikuwa mazuri: sindano zilishika nafasi ya pipeti, karatasi nyeupe iliwekwa chini ya kila chupa, na maji ya mtungi yalitosha wote.

Lakini kubuni vifaa ni nusu tu ya yale SMASSE, mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi, ilihubiri tangu 1998, Wajapani walipotusaidia kuianzisha. Walimu wa kizazi kile walisisitiza shughuli, mwanafunzi na jaribio kabla ya kufika kwenye ubunifu wa vifaa. Aliyenifundisha mimi alikuwa mkali kuliko wote: namba iliyopotoka uliizungushia duara, na hukutoka maabara mpaka useme imepotoka wapi. Siku moja nilikaa hadi kengele ya chakula kwa sababu ya faneli niliyoisahau juu ya bureti.

Kipindi kilipoisha nilipita meza ya dirishani. Msichana alikuwa ameikwaruza 25.6 kwa wembe ili aandike 25.0 juu yake, na karatasi ilikuwa imetoboka.