Kichwa cha Kuvuta Tani 50: Hesabu Ianzie Nyuma

Tangu kiwanda cha saruji cha Bamburi kilipoanza kuzalisha mwaka 1954, kuna mjadala usiokwisha kwenye maegesho ya malori kando ya barabara ya Malindi: kichwa gani kivute trela? Leo vichwa vinavyoegeshwa pale ni vya kila aina. Kuna Actros na Scania zilizotumika Ulaya, na kuna HOWO, Shacman na FAW mpya kutoka China. Anayetaka kununua huuliza kwanza injini ina nguvu za farasi ngapi. Nadhani hilo lingepaswa kuwa la mwisho kuulizwa. Kichwa kinachaguliwa kuanzia nyuma: trela na mzigo wake kwanza, kisha mteremko, kisha barabara, na injini baadaye.

Tuanze na mizani, kwa sababu ile ya Mariakani haina mjadala. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne inabeba tani 10, ekseli mbili zinazofuatana tani 18, na ekseli tatu za trela zenye tairi mbilimbili tani 24. Kichwa chenye ekseli moja inayosukuma kikifungwa trela ya ekseli tatu, jumla ni tani 42. Chenye ekseli mbili zinazosukuma kinafika tani 50. Kikomo cha juu kabisa, tani 56, ni cha gari lenye ekseli saba.

Katika tani hizo 50 ondoa kichwa, tuseme tani 9.3, na trela tani 7.2. Zinabaki tani 33.5 za mzigo, yaani mifuko 670 ya kilo 50. Kichwa kikubwa chenye kitanda kirefu na injini nzito kinaweza kuzidi kingine kwa tani nzima, na tani hiyo ni mifuko 20 inayoachwa chini kila safari kwa muda wote kichwa kitakapokuwa kazini. Kwa hiyo mnunuzi aulize uzito mtupu wa kichwa kabla ya kuuliza kitu kingine. Wengi hawaulizi.

Kuna kipimo kingine ambacho hakionekani kwenye karatasi za gari, nacho ni mahali ilipofungwa sahani ya kuunganishia trela. Chukua kichwa hichohicho cha tani 9.3, tani 5.2 zikiwa kwenye usukani na 4.1 nyuma. Toka ekseli ya usukani hadi katikati ya zile mbili za nyuma ni mita 3.6. Trela iliyojaa inakandamiza sahani kwa tani 16.7. Sahani ikiwa sentimita 60 mbele ya katikati ya ekseli za nyuma, usukani unapata tani 8 na nyuma tani 18, sawasawa na sheria. Irudishe nyuma sentimita 30 tu, na usukani unabaki na tani 6.6 huku ekseli za nyuma zikibeba 19.4. Jumla ya gari haijabadilika, ni tani 50 zilezile, lakini mizani inasema umezidisha. Usukani nao umekuwa mwepesi, jambo ambalo dereva atalihisi kwenye lami iliyolowa. Nimeona watu wakibishana na mizani kwa jambo ambalo fundi mwenye utepe wa kupimia angelimaliza gereji kabla ya safari.

Sasa barabara. Ukitoka Bamburi unavuka Nyali, unapita Makupa na Changamwe, na ukishaacha Miritini unaanza kupanda kuelekea Mazeras. Hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na ni mita zipatazo 1,660 za kwenda juu. Kuinua tani 50 kwa kimo hicho kunahitaji nishati ya kilowati-saa 226 hivi. Injini ya dizeli inayogeuza asilimia 40 ya mafuta kuwa kazi itachoma lita 57 kwa kuinua tu, kabla hujahesabu upepo, msuguano wa tairi na foleni. Hakuna kichwa cha Uswidi, Ujerumani wala China kinachoikwepa hesabu hiyo.

Na farasi? Kwenye mlima wa asilimia 5, yaani mita 5 juu kwa kila mita 100 za mwendo, kichwa cha farasi 371 kikivuta tani 50 kitapanda kwa kilomita 31 hivi kwa saa. Cha 420 kitapanda kwa 35, cha 540 kwa 46. Tofauti ipo, lakini milima mirefu ya aina hiyo kati ya Mombasa na Athi River ni michache, na sheria inalizuia lori zito kupita kilomita 80 kwa saa hata likiwa na nguvu za kufika 120. Anayelipa fedha nyingi zaidi kwa ajili ya farasi 540 ananunua dakika. Zinaweza kuwa na thamani kwa mwenye mboga au maua. Saruji haiozi ndani ya siku moja.

Kinachonishughulisha zaidi ni kushuka. Tani 50 zikiteremka mlima wa asilimia 6 kwa kilomita 40 kwa saa, nguvu inayotakiwa kuzuiwa ili mwendo usiongezeke ni kilowati 290 hivi, sawa na farasi 390. Yaani gari lililopandishwa na farasi 371 linahitaji zaidi ya hao kulishikilia. Breki za ngoma zinaweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Zikiendelea kukanyagwa, ngoma inapanuka kwa joto na kuiacha lainingi, lainingi yenyewe inapoteza mshiko, na dereva anakanyaga pedali bila gari kusikia. Valvu ya kuziba moshi wa injini mara nyingi hutoa kama nusu tu ya nguvu inayotakiwa. Ndiyo maana kifaa cha kuzuia mwendo kwa mafuta ya haidroliki, kama kile cha Voith au cha Scania yenyewe, kwangu ni sharti kwa kichwa chochote kitakachovuka Nairobi kwenda bonde la ufa. Injini yenye breki kali ya valvu pia inafaa, mradi ipimwe ikiwa na mzigo.

Mwenye gari atasema yeye anapanda na mzigo na kushuka mtupu. Leo ni kweli. Lakini kesho anayempa kazi atakuwa na mbolea ya Eldoret au bidhaa za Malaba, na kichwa ni kilekile. Baada ya Nakuru kuna Salgaa, Sachangwan, Migaa na makutano ya Londiani, na Wakenya hawahitaji kukumbushwa majina hayo. Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa Migaa basi na lori vilipogongana. Juni 30, 2023, trela liliacha njia pale Londiani na kuua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa kando ya barabara wakifanya biashara au wakingoja gari. Na bado kuna madereva wanaoweka nyutro kwenye miteremko hiyo ili waokoe dizeli. Mwenye gari anayempa dereva mafuta ya kubana amechangia uamuzi huo akiwa amekaa kwake Kisauni.

Kwenye murram hesabu inageuka tena. Udongo uliolowa unaipa tairi mshiko wa kama asilimia 30 ya uzito unaoikandamiza. Kichwa cha ekseli moja inayosukuma, chenye tani 10 juu yake, kinaweza kuvuta kwa nguvu ya tani 3 tu kabla tairi hazijaanza kuzunguka bure. Ili kupandisha tani 42 kwenye mlima wa asilimia 5, pamoja na ukinzani wa matope yenyewe, inatakiwa nguvu ya tani 3.4. Hapo kinakwama, kiwe na farasi 371 au 540. Chenye ekseli mbili kina tani 5.4 za mshiko na kinahitaji 4 kupandisha tani zake 50, kwa hiyo kinapanda, hasa kikiwa na kufuli ya difu inayofanya kazi. Anayepeleka saruji kwenye maeneo ya ujenzi wa Kwale na Kilifi wakati wa masika hana chaguo jingine. Anayeishia Athi River kwenye lami anaweza kununua kichwa chepesi cha ekseli moja bila majuto, akikubali kuishia tani 42.

Uwiano wa difu unafuata mantiki hiyohiyo. Kwa tairi za kawaida za lori, kilomita 80 kwa saa ni mizunguko ya gurudumu kama 408 kwa dakika. Difu ya 3.1, gia ya juu ikiwa ya moja kwa moja, inaiacha injini kwenye mizunguko 1,265, mahali inapokunywa kidogo. Difu ya 4.2 inaipeleka 1,714 siku nzima, mafuta yakiisha kwa kelele. Vichwa vya machimbo vyenye gia za ziada ndani ya gurudumu ni vigumu kuvunjika, ila ni vizito. Kununua kimoja kwa bei nafuu kisha kukitumia barabara ya Nairobi ni kujitafutia hasara ya polepole.

Bamburi yenyewe ina adui wawili. Wa kwanza ni vumbi la saruji, ambalo likikutana na unyevu wa pwani linashika kama plasta kwenye chujio la hewa na kwenye mapezi ya rediata. Kile kifaa cha haidroliki kinapoza mafuta yake kwa maji ya rediata hiyohiyo, kwa hiyo rediata iliyoziba inakunyima nguvu wakati wa kupanda na inakunyima breki wakati wa kushuka. Wa pili ni chumvi ya bahari. Kichwa kilichotumika kikiletwa kukaguliwa, watu hutazama rangi na viti. Lala chini uangalie matenki ya hewa ya breki, hasa mshono wa chini ambako maji hukusanyika, na plagi za nyaya za breki zilizo juu ya ekseli. Plagi yenye unga wa kijani ndani imeanza kuoza. Kompyuta inayosimamia breki ikipoteza taarifa za gurudumu moja, taa ya manjano itawaka mbele ya dereva, na katika gereji nyingi huku taa hiyo hufunikwa kwa utepe mweusi. Ukikuta utepe kwenye dashibodi ya kichwa unachouziwa, ubandue, washa injini, na usitoe pesa mpaka fundi aseme taa hiyo inawaka kwa nini.