Qalhat Moja, Mafungu Matatu



Nasikia sifa nyingi za utafutaji wa kuchuja kwa mafungu. Unaandika neno, pembeni yanatokea mafungu ya mahali, mwaka, lugha, kila moja na idadi yake kwenye mabano. Unabofya, orodha inapungua. Fikra yenyewe kongwe, Ranganathan wa Madras aliwapa wakutubi kitu cha namna hiyo mwaka 1933. Mimi nimeijaribu kwa Lucene, ile maktaba ya programu aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999, ili nipange maandishi yangu yanayohusu Qalhat, mji mkongwe karibu na Sur. Nina ugomvi nayo.

Idadi ile haihesabu miji, inahesabu tahajia. Marco Polo kaandika Calatu. Wareno wakaandika Calayate. Ibn Battuta, tukimwandika kwa herufi za Kilatini, ni Qalhat. Basi programu inatoa mafungu matatu. Msomaji akibofya Qalhat anampata Ibn Battuta akiusifu msikiti wa Bibi Maryam na samaki wa kuchoma, raha mustarehe. Wareno wamebaki nje ya kichujio, na wao ndio walioichoma Qalhat mwaka 1508 chini ya Albuquerque. Mji unaungua, orodha kimya! Na yule msomaji hatashuku kitu, kwani namba ipo mbele ya macho yake.

Mtaniambia, si uweke orodha ya visawe? Nimeweka. Visawe vinasaidia neno linapotafutwa ndani ya maandishi. Thamani ya fungu haipiti huko, inahifadhiwa kama ilivyoandikwa. Dawa ni kuupa mji kitambulisho kimoja kabla waraka haujaingia kwenye faharasa, na jina la mwandishi wa kale libaki kando kwa ajili ya kutafutia. Kazi hiyo haifanywi na Lucene. Inamtaka mtu ajuaye kwamba Calayate ni Qalhat, na watu hao, jamani, mara nyingi hawaitwi mpaka programu imeshakamilika.

Kuna na hili. Fungu la mahali, usipoliambia vingine, linakubali thamani moja tu kwa kila waraka. Ya pili ikiingia linatoa kosa. Nilikuwa na barua ya nahodha, imeandikwa Sur, imepokelewa Unguja. Programu ikagoma. Kulirekebisha ni mstari mmoja tu, lakini aliyeamua kwamba desturi iwe mahali pamoja hakuwa na jamaa ng'ambo ya bahari.