Wepesi wa Hadithi, Uzito wa Maisha: Mvuto wa Mahaba ya Jinsia Moja katika Fasihi Pendwa

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuigawa riwaya katika mafungu mawili: riwaya dhati, ambayo huikabili jamii, na riwaya pendwa, ambayo husemekana humliwaza msomaji na kumsahaulisha shida zake. Mgawanyo huu hauna budi kuchunguzwa upya pale wapendanao wa hadithi wanapokuwa wa jinsia moja. Kwa nini msomaji atafute kisa chepesi, chenye utani, wivu mdogo na mwisho mwema?

Jibu moja linapatikana Ukunda, karibu na Diani, katika kaunti ya Kwale. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa huko kwa tuhuma za mapenzi ya jinsia moja, wakapimwa miili yao bila hiari. Mahakama Kuu iliviafiki vipimo hivyo mwaka 2016. Machi 2018, Mahakama ya Rufani mjini Mombasa ikavitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Ushindi huo ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, kumbukumbu za mahakama humtazama mtu kama mshtakiwa na kama mwili. Hazina nafasi ya kicheko chake wala ya chakula alichopikiwa na ampendaye. Hadithi nyepesi huijaza nafasi hiyo. Kinachomvuta msomaji ni ukawaida: kwamba mtu kama yeye aweza kuchelewa miadi, akanuniwa, akasamehewa.

Mwezi mmoja baada ya hukumu hiyo, Aprili 2018, filamu ya Wanuri Kahiu, *Rafiki*, ilipigwa marufuku nchini Kenya. Ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki hucheza, hutaniana, kisha hupigwa na umati. Lakini mwisho haufungi mlango. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho huo kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Iwapo ndivyo, basi kilichoogopwa hakikuwa mateso ya wapendanao, bali furaha yao. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu filamu ionyeshwe kwa siku 7, na majumba yakajaa.

Itasemwa kwamba wepesi huu ni udanganyifu, kwani mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria vinavyoharamisha mapenzi hayo. Hoja hii ina uzito. Kisa kinachojifanya kwamba hakuna polisi, jirani wala mzazi hakimfai msomaji wa Msambweni, maana anawajua wote watatu. Kisa kinachomfaa ni kile kinachowajua pia, ila kikakataa kuwapa neno la mwisho. Fasihi pendwa ya namna hii haimsahaulishi msomaji maisha yake. Humkumbusha sehemu yake ambayo wengine hawakuiandika.