Nyimbo za Mahujaji wa Montserrat: Fani ni ya Nani?

Llibre Vermell, yaani Kitabu Chekundu, ni muswada ulioandikwa karibu na mwaka 1399 katika monasteri ya Montserrat, Katalonia. Nyimbo 10 zilizosalia humo, za Kilatini, Kikatalani na Kioksitani, aghalabu huchukuliwa kuwa zao la kanisa pekee. Mtazamo huo unapuuza maelezo ya muswada wenyewe: mahujaji waliokesha kanisani walitaka kuimba na kucheza, hata mchana uwanjani; kwa hiyo sharti waimbe nyimbo za heshima na ibada tu. Sharti hilo ni ushahidi tosha. Watawa hawakuanzisha ngoma, waliikuta. Maudhui ni ya madhabahuni, ilhali fani ina asili ya umma. “Los set gotxs” husimulia furaha saba za Bikira Maria kwa Kikatalani, kibwagizo kikiwa cha Kilatini, na muswada unaelekeza uchezwe kwa duara. Nyimbo zilizokataliwa hazikuandikwa humo. Mhakiki akiridhika na yaliyoandikwa tu, atakuwa amehakiki sauti ya mtawa na kumsahau mcheza ngoma.